Mchezo wa Kuua Kidole

Kazi yangu ni kupanga samaki kwenye barafu. Asubuhi mashua zikishashusha, mimi na wenzangu tunasimama mbele ya makasha, tunatandaza barafu, tunalaza sangara, tunatandaza barafu tena juu yao. Mwanzoni vidole vinauma. Baadaye haviumi tena, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu unaweza kujichoma na mwiba wa samaki usijue mpaka uone damu kwenye barafu.

Siku moja nzi alinitua shavuni, nikamfukuza kwa mkono ambao ulikuwa umeshakufa ganzi. Shavu langu lilisikia mkono, lakini mkono wangu haukusikia shavu. Ilikuwa kama mtu mwingine amenigusa, mtu mwenye mkono mgumu na wa baridi, amekuja taratibu kwa nyuma. Nikageuka kuangalia. Wenzangu wakacheka.

"Kabula, unamtafuta nani?"

"Hakuna mtu."

"Mbona umegeuka kama umeitwa?"

Sikujibu, na hawakushangaa, kwa sababu wamenizoea. Tangu utotoni maneno yangu ni machache. Kuandika nako naandika polepole, na kwa jambo hili naona polepole inafaa. Ule mkono nilikuwa naujua. Niliinama nikaendelea kupanga samaki, lakini siku ile nzima nilikuwa na Bibi Minza.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Tulikuwa tunakaa karibu na ziwa, upande wa Nyegezi, kwenye nyumba zilizojengwa katikati ya mawe makubwa, na yeye alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Mume wake alishafariki. Binti yake mmoja alikuwa ameolewa Sengerema, ng'ambo ya maji. Bibi Minza alikaanga karanga kwa mchanga. Alikuwa na karai jeusi na mchanga aliouchota mwenyewe ziwani, akauosha mpaka ukawa mweupe, na mchanga huo ulikuwa kama mali yake, hakuna aliyeruhusiwa kuuchezea. Akishaepua, anapitisha kwenye chekeche, mchanga unarudi karaini, karanga zinabaki. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa joto la miaka mingi. Ukishikwa na yeye unasikia kama umeshikwa na gome la mti lililoachwa juani, lakini linakushika vizuri, halikukwaruzi.

Nilikuwa nakwenda kwake kila nikitoka shule. Watu wengine wakikutana na mtoto asiyesema wanamhangaisha. Wanasema, "Kwani huna mdomo?" au "Paka kala ulimi wako?" Bibi Minza hakuniuliza maswali ya namna hiyo. Alikuwa na michezo ya mikono, na michezo ya mikono haihitaji maneno mengi.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa karanga. Alinifundisha kupandanisha vidole viwili, cha kati kikae juu ya cha shahada, kisha nifumbe macho. Anaweka karanga moja katikati ya ncha za vidole na kuizungusha taratibu.

"Kalanga ngapi, mayu?" Alikuwa Msukuma wa ndani kabisa, na mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita.

"Mbili."

"Una hakika?"

"Mbili, bibi."

"Haya, fungua macho."

Nikifungua naona karanga moja. Kila mara nilishangaa upya. Nilikuwa nimezisikia mbili, kabisa, moja kila upande. Naye alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika, kisha ananipa ile moja na kusema, "Kula hizo mbili zako, usije ukavimbiwa."

Mchezo wa pili ndio wa kuua kidole. Mnaweka viganja pamoja, mmoja wake na mmoja wako, kama mtu mmoja anayesali. Kidole chako cha shahada kinalala sawasawa na cha mwenzako. Halafu kwa mkono wako mwingine unavishika vidole vyote viwili kwa pamoja, gumba upande mmoja na kidole upande wa pili, unavipapasa juu chini, juu chini. Unasikia unapapasa kidole kimoja kinene, na nusu ya kidole hicho imekufa. Unapapasa, hakisikii. Ni kama umeshika kidole cha mtu aliyelala mochwari.

Mara ya kwanza nilipiga kelele. Bibi Minza alifurahi sana, nadhani kwa sababu hakuwa amewahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo.

"Umekiua," alisema. "Sasa kipulize, kifufuke."

Nikakipuliza, kikafufuka.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Alichonga mbao, akapigilia misumari, akaziba nyufa kwa pamba aliyoisokota mwenyewe na kuisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo. Jioni moja alikuwa amekaa kizingitini akinyoosha miguu, na mimi, kitu ambacho sikuzoea kukifanya, nikamwendea nikamshika mkono wa kulia. Niliweka kiganja changu kwenye chake. Kidole changu kilifika nusu tu ya kidole chake. Nikamwonyesha namna ya kupapasa.

"Aa! We mtoto!" Alitoa mkono, akautazama, akacheka. "Mama Kabula, njoo uone, huyu ameniua kidole! Kesho nitashikaje nyundo?"

Mama alisema kutoka jikoni, "Kama kimekufa tutakizika baada ya kula."

Tukacheka wote. Nilikuwa bado nacheka pale mama alipotuita kula, na nikasahau kukipuliza kidole chake.

Siku iliyofuata baba alikwenda msibani Buhongwa, fundi mwenzake alikuwa amefiwa. Wanaume walikesha nje kwenye viti. Asubuhi alirudi, akasimama mlangoni, na nikaona mkono wake wa kulia unaning'inia. Kiganja kilikuwa kimeanguka kwenye kifundo kama ua lililokosa maji. Alijaribu kuvua kofia kwa mkono ule, vidole vikaigusa kofia lakini havikuishika.

"Nimelala vibaya tu," alimwambia mama. "Utaamka."

Ulikuwa haujaamka mchana, wala siku ya pili yake. Alikwenda kazini, akashika nyundo, nyundo ikamdondoka ikapiga ubao, akaiokota kwa mkono wa kushoto, akarudi nyumbani mapema. Nilimsikia akimwambia mama kwamba mgongo wa kiganja hausikii, ukiufinya ni kama unafinya mkono wa mtu mwingine.

Maneno yale yale. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pipa la maji. Mimi ndiye niliyeuua, na sikuupuliza.

Sijui kama watu wazima wanakumbuka jinsi mtoto anavyobeba kitu kama hicho. Sikulia. Nilisubiri baba asinzie mkekani mchana, nikapiga magoti pembeni yake, nikaupuliza mkono, kidole kimoja kimoja. Kisha nikavipapasa vidole vyake kwa kurudi nyuma, chini juu, nikidhani labda nikigeuza mwendo nitafungua kilichofungwa. Kitu kilichonitisha zaidi ni kwamba mkono ulikuwa wa moto. Nilitegemea kitu kilichokufa kiwe baridi.

Baba akafungua jicho moja. "Unafanya nini, mama?"

"Nafukuza nzi."

Alifumba tena. Nzi hakuwepo.

Alikwenda hospitali na akarudi na jibu. Mshipa wa fahamu umebanwa, utajirudi wenyewe, afanye mazoezi, asiwe na haraka. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameshafika kwetu na begi lake. Alikuwa mwanamke mwenye upendo mkubwa na sauti kubwa, na kaka yake ndiye aliyekuwa amebaki naye peke yake katika watoto wa mama yao. Lazima niseme hilo. Aliogopa kwa haki.

"Daktari kasema mshipa umebanwa," mama alimweleza.

"Sawa, wifi. Umebanwa. Umebanwa na nani?"

"Hakusema na mtu."

"Ndiyo hapo. Daktari anaona mshipa, mbanaji hamwoni. Fundi mzima, mkono wa kulia, mkono wa kazi, usiku mmoja! Kwa nini usiwe wa kushoto?"

Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchagua.

Kuanzia hapo shangazi aliuliza kila mtu. Baba alikula kwa nani? Aligombana na nani? Nani alimshika mkono? Jioni ile zamu yangu ikafika. Aliniita, akanikalisha mapajani ingawa nilikuwa mkubwa kwa kupakatwa, akaninong'oneza kwa upole. Angenifokea ningenyamaza. Nilijua kunyamaza mbele ya mtu anayefoka.

"Kabula wangu. Wewe unaona mambo, si ndiyo? Wasiosema ndio wanaoona. Kuna mtu umemwona anamshikashika baba yako mkono?"

Nilitikisa kichwa. Hapana.

"Sasa mbona unatetemeka?"

Nilikuwa na jibu moja kooni tangu siku zile zote, kwamba ni mimi. Nilitaka kulitoa. Lakini lilipofika mdomoni likageuka, kama mtu anayetembea kuelekea mlangoni kwake halafu akaingia kwa jirani.

"Bibi Minza anajua kuua kidole," nikasema.

Mama akaacha kuchagua mchele. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusema neno na nyumba nzima ikasimama.

"Rudia."

"Ana mchezo wa kuua kidole. Alinifundisha."

"Nionyeshe."

Nikaweka kiganja changu kwenye cha shangazi. Nikamwambia apapase vidole viwili, hivi, juu chini. Alikuwa anapapasa huku ananitazama mimi usoni. Nikaona macho yake yanabadilika.

"Uwii!" Alinisukuma kutoka mapajani, akasimama. "Kidole changu! Nusu haipo! Wifi, nusu ya kidole changu haipo!"

Baba alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. "Dada, huo ni mchezo wa watoto. Hata mimi alinifanyia."

Alisema vile kumtuliza. Shangazi akageuka polepole. "Alikufanyia lini?"

Baba akafikiri. Nilimwona anafikiri, na nikaona anapofika. "Jioni ya kabla ya msiba."

"Mkono gani?"

Baba alitazama chini, kwenye mkono uliofungwa, na hatukuhitaji jibu. Shangazi alikwenda uani akaosha vidole kwa maji ya chumvi, akavisugua mpaka vikawa vyekundu, huku akisema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, "Kampitishia mtoto! Kampitishia mtoto asiyesema!"

Neno lile lilinipa njia. Kumbe si mimi. Nilikuwa kama kopo tu ambalo mtu mwingine aliwekea kitu chake. Nililala fofofo usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu baba arudi na mkono uliokufa. Asubuhi shangazi alinipeleka dukani akaninunulia soda ya machungwa, akamwambia mwenye duka kwamba mtoto huyu ametuokoa. Chupa ilikuwa ya baridi sana, imetoa jasho, niliishika kwa mikono miwili na kuinywa yote. Mpaka leo sinywi soda ya machungwa. Wenzangu wanafikiri inaniumiza tumbo.

Hakuna aliyemgusa Bibi Minza. Nasema hivyo nikijua maana yake yote. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtupia jiwe, na baba alisema waziwazi kwamba hataki kusikia mtu kaenda kumsumbua yule mama. Waliacha tu kumpa mkono. Kwetu salamu bila mkono ni nusu ya salamu, hasa kwa mzee. Unainama, unashika mkono wake, unasema shikamoo, naye anaushikilia mkono wako wakati anauliza habari za watu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Sasa wanawake wakikutana naye njiani wanasema "Shikamoo bibi" wakiwa wamekumbatia ndoo. Ndoo zilikuwa tupu, lakini wamezishika kwa mikono miwili. Watoto walikatazwa kununua karanga zake. Sinia lake lilikaa kwenye kona yake na vifurushi vya karatasi vimepangwa, jioni analibeba kama alivyolileta.

Nadhani mwanzoni hakuelewa. Siku moja nilikuwa natoka kuchota maji, nikakutana naye kwenye njia nyembamba kati ya mawe mawili, mahali ambapo lazima mmoja asimame mwingine apite. Uso wake ukafunguka.

"Mayu! Umenitupa? Njoo tuue kidole kabla hujaenda."

Akainua kiganja, wazi, kama tulivyozoea.

Nilitua ndoo chini. Kisha nikaficha mikono yangu nyuma ya mgongo.

Kiganja chake kilibaki juu. Alikitazama, akanitazama mimi, akatazama mahali ambapo mikono yangu ingekuwa. Nadhani pale ndipo alipoelewa yote, maana alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa vitu visivyosemwa, ndiyo sababu tulipendana. Akashusha mkono akaufuta kwenye kitenge chake, upande huu na upande huu, kama anayefuta mkono wenye matope. Akajibana kwenye jiwe nipite. Nilibeba ndoo nikapita na kitenge chake hakikunigusa.

Mvua zilipoanza, mkwe wake alikuja kumchukua. Walikuwa na mabunda machache. Karai lilifungwa juu ya mzigo, limegeuzwa, jeusi, linang'aa kwa manyunyu. Watu walisimama milangoni. Mama alikuwa anasonga ugali. Ghafla aliacha mwiko sufuriani, akatoka na unga mikononi, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akamshika Bibi Minza mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikusikia walichosema. Shangazi aliyekuwa ndani alisema tu, "Wifi ana wazimu."

Siku ile na siku zilizofuata niliuangalia mkono wa mama. Niliungoja ufe. Uliosha vyombo, ulifua, ulinisuka nywele, ulisonga ugali, na haukufa. Ushahidi wote ulikuwa kichwani kwangu, ukinivuta nywele kila Jumapili, na mimi nilifikiri tu kwamba labda kwa mama unachelewa.

Na mkono wa baba ukapona. Kwanza kiganja kikaanza kuinuka kidogo, kisha akashika kijiko, kisha nyundo ndogo, kisha ile kubwa. Kupona huko ndiko kulikomaliza kesi. "Mmeona?" shangazi alisema. "Kavuka maji, mshipa umeachiliwa." Hata waliokuwa na mashaka waliitikia kwa vichwa.

Nilikuwa darasa la tano nilipokuta wasichana wamekusanyika chini ya dirisha la darasa, wanapiga kelele na kucheka. Mmoja alikuwa mgeni, kahamia kutoka Magu. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kiganja cha mwenzake.

"Kimekufa! Kimekufa!"

"Na mimi nijaribu! Mamaa, kweli!"

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa. Yule mgeni akaniona. "Njoo, wewe mpole. Usiogope."

"Kinakufa kwa nani?" nikauliza.

"Kwa kila mtu. Kwani huoni? Unapapasa vidole viwili ukidhani ni kimoja. Hiyo nusu isiyosikia si yako, ni yangu. Yangu inasikia kama kawaida!" Akachezesha kidole chake mbele ya pua yangu. "Hakuna kilichokufa."

Hakuna kilichokufa. Wenzangu wakarudi darasani, mimi nikabaki nimekaa chini pale dirishani, nimeshika kidole changu mwenyewe.

Jioni nilimfuata baba alipokuwa anaziba mtumbwi. Nilimsubiri amalize ufa mmoja.

"Baba, mkono wako ulikufa kwa nini?"

Aliendelea kusokota pamba. "Nililalia kiti. Pale msibani. Niliupitisha mkono nyuma ya kiti, nikasinzia hivyo mpaka asubuhi, ubao ukabana hapa." Alinionyesha upande wa juu wa mkono. "Daktari aliniuliza nililalaje, nikamwambia, akasema ndiyo hiyo."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia." Akanitazama, na hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. "Nilisema kiti. Lakini kiti hakijawahi kumwogopesha mtu, Kabula. Na wewe ulikuwa umeshaonyesha kidole." Akachukua nyundo. Baada ya kupiga mara chache akaongeza, "Na mimi mwenyewe, ule mkono ulivyokuwa umelala, kuna siku niliamini. Usijibebee peke yako."

Lakini alikuwa anapiga nyundo wakati anasema hivyo, na mzigo haukupungua. Alichokifanya yeye ni kunyamaza. Aliyesema ni mimi.

Niliahidi moyoni kwamba nikikua nitakwenda Sengerema. Nikamaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani, nikapata kazi ya samaki, nikawa mkubwa, na sikwenda. Maji ni yale yale, kivuko kinavuka kila siku, nakiona. Mtu mwenye aibu anaweza kuita woga wake aibu kwa miaka mingi na watu wakamwelewa.

Mpaka yule nzi. Jumapili iliyofuata nilimwomba mama anielekeze. Hakuuliza nakwenda kufanya nini. Alifunga sukari kwenye mfuko akasema, "Mwambie mama yake Kabula anamsalimia. Na uongee, mwanangu. Usikae tu."

Kwenye kivuko nilikuwa narudia maneno. Bibi, shikamoo, mimi ni Kabula, ni mimi niliyesema. Maneno machache, hata mimi nayaweza.

Binti yake alinipokea uani. Nilipojitambulisha kwamba natoka Nyegezi, alinitazama kidogo kabla ya kusema karibu. Bibi Minza alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta, amekuwa mdogo, amejifunga kitenge juu ya mabega mpaka mapajani. Macho yake yalikuwa na ukungu. Niliinama mbele yake, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Mkono wangu ulikaa hewani. Mikono yake haikutoka chini ya kitenge.

"Usimchukulie vibaya," binti yake alisema kwa sauti ya chini. "Hampi mtu mkono. Hata wajukuu zake hajawahi kuwapakata, anawaambia mtaumia. Alikuja hivyo kutoka huko kwenu."

Maneno yangu yote yaliishia pale. Nilikaa mkekani. Alitumwa mtoto mdogo akaniletea sahani ya karanga, za mchanga, kumbe binti ndiye anayekaanga sasa kwa karai lile lile. Nilishika moja. Sikuweza kuila. Sikuweza kusema. Kwa hiyo nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nikapandanisha vidole vyangu viwili, nikafumba macho, nikaiweka karanga katikati ya ncha nikaanza kuizungusha juu ya mkeka, taratibu. Ilikuwa na sauti ndogo kwenye ukindu, krr, krr.

Ilizunguka kwa muda.

"Kalanga ngapi, mayu?"

"Mbili, bibi."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika, bibi." Bado nilikuwa nimefumba macho, na kwenye giza hilo ikawa rahisi. "Ni mimi niliyesema. Ni mimi niliyewaonyesha kidole. Baba alilalia kiti. Wewe hukufanya kitu."

Kuku alipita. Binti wa bibi alikuwa ameacha kufagia.

"Najua ni wewe," Bibi Minza alisema. "Nilijua pale kwenye mawe. Ungekuwa hukusema, usingeficha mikono." Akavuta pumzi. "Ila hilo la kiti sikulijua. Miaka yote hii sikujua ni nini. Na mimi nilianza kuitazama."

Sikuelewa anaitazama nini. Halafu nikaelewa kwamba ni mikono yake mwenyewe, na natamani nisingeelewa.

"Haya," alisema, "fungua macho."

Nilifungua. Karanga ilikuwa moja. Nikainua uso. Chini ya kitenge, mahali mikono yake ilipokuwa, kitambaa kilikuwa kinasogea, kinainuka kidogo, kinashuka, kama kuna kitu ndani kinauliza kama kiko salama kutoka. Niliweka kiganja changu wazi juu ya mkeka, karibu na mguu wake. Nikangoja. Jua likasogea ukutani, binti akarudi kufagia, kivuko cha jioni kikaniacha, na mimi nilikuwa bado nimekaa pale na kiganja changu wazi, nikingoja.